Kiboko wa Topeni na Ufagio wa Mama Sange

Hadithi! Hadithi!

Hadithi, njoo.

Ije mikono mitupu?

Ije na utamu wake. Chumvi tutatia wenyewe.

Basi sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni ampakate, maana hadithi hii ina kelele nyingi kuliko maji.

Hapo kale palikuwa na kijito. Kilikuwa chembamba, lakini hakikuwa na choyo. Kilitoka kilimani, kikapita kwa Tembo, kikapita kwa Swala, kikapita kwa Kobe, na mwisho kabisa, kikiwa kimebaki kama uzi, kikapita mlangoni kwa Mama Sange.

Sange mnamjua? Kama humjui, mchukue panya, mpe miguu mirefu ya nyuma, kisha mvute pua mpaka ifanane na mkonga wa tembo aliyenyimwa chakula. Huyo ndiye Sange. Na Sange ana tabia moja ambayo mnyama mwingine hana. Kila asubuhi anafagia njia zake. Jani likianguka, analiondoa. Kijiti kikilala, anakiondoa. Chwa-chwa-chwa, chwa-chwa-chwa, mpaka njia inang'aa.

Wanyama wakubwa walimcheka. "Mama Sange, unamfagilia nani?"

Naye alijibu kwa sauti ndogo, "Mgeni hana siku."

Alikuwa na watoto mapacha, Chechele na Mbio. Walikuwa wadogo, hata ukiwaweka wote wawili kwenye kiganja, nafasi ingebaki ya karanga.

Siku moja ya kiangazi akaja Kiboko. Alikuja peke yake, kwa sababu huko alikotoka alikuwa amekula sehemu yake, akala na ya wenzake, wakamfukuza. Akatafuta mahali kijito kinapopinda, akajitupa. Gubu! Akasukuma tope kwa pua yake pana, akalipanga upande wa chini kama ukuta, na kijito kikasimama. Nyuma ya ukuta pakawa na bwawa. Kando ya bwawa pakawa na uwanja wa tope, tope laini kama ugali wa ulezi.

Huko chini kijito kikakauka. Wanyama wakapanda kwenda kulalamika.

Kiboko akatoa macho mawili na masikio mawili juu ya maji, basi, mengine yote akayabakiza chini. "Mbona mna nyuso za msiba?" akauliza. "Maji haya ni ya bure."

"Ya bure?" wakashangaa.

"Bure kabisa. Sitaki nyasi zenu, sitaki matunda yenu. Kila mtu aweke unyayo wake hapa topeni, anywe, aende zake."

"Unyayo tu?"

"Unyayo tu. Kwani utakupunguzia nini?"

Wakatazamana. Kweli, unyayo hauliwi wala hauvaliwi. Swala akaweka, akanywa. Pundamilia akaweka, akanywa. Tembo akaweka, bwe! Akanywa. Wakaenda zao wakisema, "Jamani, huyu mzee tulimdhania vibaya."

Kesho yake Swala akarudi. Kabla ya kunywa, akatupa jicho kwenye unyayo wake wa jana. Pembeni yake palikuwa na unyayo mwingine.

"Nani amenikanyagia?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Pundamilia kwa haya. "Nimeuona unyayo wako umekaa vizuri."

Swala akasikia joto tamu kifuani. Tangu siku hiyo akawa anakunywa kidogo na kutazama sana. Akiondoka anarudi. Akilala anaota nyayo. Na hakuwa peke yake. Mahali pale pakaitwa Topeni, na wanyama wakikutana njiani hawakuulizana tena, "Umeamkaje?" Waliulizana, "Uko Topeni?" Aliyesema hayupo alitazamwa kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

"Mimi nimekanyagiwa na saba!"

"Saba? Mimi ishirini, na mmoja wao ni Nyati!"

Tembo peke yake alikuwa amekanyagiwa na tisini. Tembo huyu angeweza kubomoa ukuta wa Kiboko kwa teke moja, kijito kikashuka, kila mtu akanywa mlangoni kwake. Lakini angebomoa vipi, na tisini zake ziko pale?

Mama Sange naye aliweka unyayo. Kiu haina ubishi. Aliwaleta na mapacha, wakapigishwa nyayo zao hata kabla macho yao hayajafunguka vizuri. Nyayo zao zilikuwa kama punje tatu za ufuta. Hakuna aliyeziona, hakuna aliyezikanyagia. Mama Sange hakujali. Alikunywa, akawanywesha watoto, akarudi nyumbani kufagia.

Sasa juu ya mkuyu, kando ya bwawa, alikaa Hondohondo. Ndege yule mnamjua mdomo wake, mkubwa kama pembe la kupigia mbiu, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya mbiu. Zamani alitangaza mambo yenye maana. "Pooo! Nyasi zimeota bonde la mashariki! Pooo! Chui yuko kichakani, shikeni watoto!" Wanyama waliishi kwa mdomo ule.

Lakini kwato zikikoroga tope, minyoo inapanda juu. Minyoo minene, myekundu, mitamu. Kwato nyingi, minyoo mingi. Hondohondo akaonja mmoja, akaonja wa pili, na mashariki akapasahau. Kila jioni akawa anahesabu nyayo mpya, anashiba, anapuliza:

"Pooo! Pooo! Topeni panajaa! Jana mia, leo mia mbili, kesho dunia nzima!"

Siku moja Chui alimchukua mtoto wa Ngiri mchana kweupe. Habari hiyo haikutangazwa. Palikuwa na habari ya Topeni.

Na Kiboko je? Kiboko alikuwa akilala majini kutwa, macho nje, masikio nje. Akisikia mbiu, hakuuliza, "Leo wamekuja kina nani?" Nyuso za watu hazikumhusu. Aliuliza neno moja tu.

"Na kesho?"

"Kesho mia tatu, Mzee!"

"Brrruf," akacheka Kiboko, maji yakaruka.

Zikawa mia tatu. "Na kesho?" Zikawa mia nne. "Na kesho?" Zikawa mia nne na kumi na mbili.

Siku iliyofuata Hondohondo akahesabu. Akahesabu tena. Akajikuna kwa ukucha.

"Ngapi?" akauliza Kiboko.

"Mia nne na kumi na mbili, Mzee."

"Hizo ni za jana. Nauliza za leo."

"Na leo ni zizo hizo, Mzee. Wageni hawakuja."

"Kwa nini?"

"Wanyama wameisha."

Kiboko akainuka mpaka mabega, jambo ambalo hakulifanya tangu aje. "Wameisha? Nani kawala?"

"Hawajaliwa, Mzee. Wote wameshaingia. Kuanzia Tembo mpaka yule mama wa ufagio."

"Basi tafuta wengine."

"Mzee, wengine ndio hao hao."

Sasa sikilizeni mdomo wa Hondohondo. Wanyama walikuwa mia nne na kumi na mbili jana, na leo walikuwa mia nne na kumi na mbili. Hakuondoka hata mmoja. Lakini mbiu bila jambo jipya haipulizwi, kwa hiyo akapuliza:

"Pooo! Pooo! Topeni panapoa! Ongezeko limekwisha! Jamani, Topeni kuna nini?"

Wanyama wakasimama na maji mdomoni. "Kwani kuna nini?" Nyani wakaanza kunong'onezana kwamba wao walishapachoka siku nyingi. Swala akakanyagiwa na watano tu, akalia.

Kiboko alipoyasikia hayo alichafuka. Akapiga maji kwa kichwa, gubu, gubu, akatoa amri.

"Kuanzia leo, hakuna kunywa bila mgeni! Kila anayekuja aje na unyayo mpya ambao sijawahi kuuona. Asiye na mgeni, arudi na kiu yake!"

Tembo alileta mjukuu aliyezaliwa asubuhi ile, akanywa. Ngiri alileta mtoto mwenye kitovu kibichi, akanywa. Lakini waliobaki walileta nini? Mtu hawezi kuzaa kila akisikia kiu.

Mama Sange alishuka nyumbani mikono mitupu. Siku ya kwanza mapacha walilamba umande. Siku ya pili kulikuwa na upepo mkavu, umande haukushuka. Siku ya tatu Mbio, ambaye jina lake lilitokana na kutokutulia, akalala kivulini wala hakukimbia.

"Mama," akasema Chechele, "ulimi wangu umekuwa kama jani."

"Ufunge mdomo, mwanangu, usiupigishe upepo. Mama anakwenda na kurudi."

Akapanda mpaka Topeni. Akasimama ukingoni, pua inatetemeka. Alikuwa mtu wa haya, hakuzoea kusema mbele ya wakubwa.

"Hodi, Mzee Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba. Mgeni wako yuko wapi?"

"Mzee, nina watoto wawili, wana kiu."

"Walishahesabiwa hao."

"Naomba maji ya kulowesha jani moja tu."

"Mama, maji ni ya bure, sikukatazi. Lete mgeni, unywe mpaka upasuke." Na Kiboko akazamisha masikio, ili asisikie zaidi.

Mama Sange akabaki pale. Hakulia, maana machozi nayo ni maji, na hakuwa nayo ya kupoteza. Akautazama uwanja. Nyayo juu ya nyayo, nyayo ndani ya nyayo, na majani, na manyoya, na mavi ya Nyati. Akafikiri, "Hawa watu wanaomba wageni, na uwanja uko hivi?" Halafu akafikiri tena. Halafu pua yake ikaacha kutetemeka.

Akangoja mpaka masikio yakatoka majini.

"Mzee, nisamehe, nina neno la kike. Mgeni anakuja kwenye nyumba iliyofagiwa. Akikuta uwanja umekanyagwa hivi, anajua wenyewe wameshajaa, anapitiliza."

Kiboko akapepesa jicho. Jambo hilo hakuwahi kulifikiri, kwa sababu hakuwahi kufagia.

"Niruhusu nifagie alfajiri," akasema Mama Sange. "Kukipambazuka hapa peupe, utaona mwenyewe."

"Fagia," akasema Kiboko. "Lakini wageni wasipokuja, utakanyagwa."

Mama Sange akaenda kwa Kobe, aliyekuwa amelala na kiu ndani ya nyumba yake.

"Kaka Kobe, amka. Nina kazi ya tumbo lako."

"Tumbo langu lina siku tatu halijapata kazi," akasema Kobe kutoka ndani.

Alfajiri Mama Sange akatangulia na ufagio, chwa-chwa-chwa, akiondoa majani na manyoya. Kobe akafuata akiburuta tumbo juu ya tope, sururuuu, kama mwanamke anayesiriba sakafu. Kulipopambazuka, uwanja mzima ulikuwa laini kama uso wa mtungi. Tisini za Tembo hazikuwepo. Saba za yule, ishirini za huyu, zote hazikuwepo.

Wanyama walikuwa wamejipanga nyuma ya kichaka, wale wachanga wawili tu wameachwa wamelala, kila mmoja ameambiwa sikioni. Mama Sange akapunga ufagio. Wakaingia. Swala akakanyaga, akanywa. Pundamilia akakanyaga, akanywa. Nyani wakakanyaga wakisukumana, wakanywa. Tembo naye aliingia akinung'unika, "Lakini zangu zilikuwa tisini," akanywa ndoo nzima. Wa mwisho wakaingia Mama Sange na mapacha, punje tatu za ufuta. Mbio alikunywa mpaka tumbo likawa duara, akajikwaa, akainuka, akakimbia.

Jioni Hondohondo akahesabu, akakaribia kuanguka mtini.

"Pooo! Pooo! Topeni pamefufuka! Kwa siku moja, wageni mia nne na kumi na mbili!"

Hakuwa mwongo. Uwanja ulikuwa mweupe asubuhi, na sasa una nyayo mia nne na kumi na mbili. Nani asiyejua kuhesabu? Kuhesabu alijua. Kuangalia ndiko alikokuwa amekuacha.

"Brrruf!" akacheka Kiboko. "Brrruf, brrruf!" Mama Sange akasikia moyo wake umetulia, akageuka kwenda nyumbani. Ndipo akasikia nyuma yake:

"Na kesho?"

Basi kesho wakafagia mara mbili. Asubuhi chwa-chwa-chwa, sururuuu, wanyama wakaingia. Mchana chwa-chwa-chwa, sururuuu, wakaingia tena. Hondohondo akatangaza mia nane na ishirini na nne. "Na kesho?" Kesho wakafagia mara tatu. Wanyama wakaingia mara tatu, hata wasio na kiu. Hondohondo akatangaza elfu moja mia mbili thelathini na sita, sauti ikamkauka.

"Na kesho?"

Kobe akajivuta mpaka nyumbani kwa Mama Sange, akaanguka mlangoni.

"Dada yangu," akasema, "tumbo limekwisha. Ukinigeuza utaona moyo unavyodunda. Twiga naye anasema magoti yake si ya kukodisha, na Nyani wanadai mapumziko. Kesho mara nne, keshokutwa mara tano. Mwisho wake nini?"

"Hauna mwisho, kaka," akasema Mama Sange. "Sisi tunaona kiu. Yule haoni kiu. Anaona kesho."

"Sasa tufanyeje?"

Mama Sange akachukua ufagio wake, akaugongagonga chini kutoa vumbi. "Anataka kikubwa," akasema. "Tumpe kikubwa."

Asubuhi akapanda Topeni, lakini safari hii hakufagia. Alisimama chini ya mkuyu, akamwita Hondohondo kwa adabu zote.

"Mjomba Hondohondo, wewe mwenye mabawa, hebu nithibitishie. Sisi wa chini tunasikia tu. Ni kweli kwamba nyuma ya kilima kuna mataifa ya wageni, hawahesabiki, wanashindwa kuingia Topeni kwa sababu pamebana?"

Hondohondo akameza mnyoo. Ukweli ni kwamba hakuwa amepita kilima kile tangu minyoo ianze. Mabawa yake yalikuwa yameota uvivu, na tumbo lake halikumruhusu. Lakini mpiga mbiu akisema hajui, nani atamsikiliza kesho?

"Kumbe ndiyo kwanza mnasikia?" akasema. "Mimi nimewaona tangu juzi."

"Wako wengi?"

"Wengi? Vumbi lao limeziba jua upande ule."

"Na miguu yao ikoje, mjomba?"

Hondohondo akafikiri kidogo. "Wengine wana sita."

"Subhana! Miguu sita kila mmoja!" akasema Mama Sange. "Hizo nyayo nani atazihesabu?"

"Mimi!" akasema Hondohondo, na hakungoja tena. "Pooo! Pooo! Mataifa nyuma ya kilima! Miguu sita sita! Topeni pamebana!"

Kiboko akaruka majini kama amechomwa. "Umewaona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu mawili, Mzee! Wengine wana miguu minane!"

Kiboko akamgeukia Mama Sange. "Na wewe mama, umewaona?"

"Mimi mfupi, Mzee, sioni hata ng'ambo ya unyasi," akasema Mama Sange, na hapo hakusema uongo hata kidogo. "Lakini kama ni kweli, nina wasiwasi. Wataweka wapi miguu? Uwanja ni huu huu. Wakikosa nafasi, si watatafuta tope lingine?"

"Tope lingine!" Neno hilo lilimwingia Kiboko kama mwiba. "Lipo wapi tope lingine?"

"Silijui, Mzee. Mimi najua kusiriba tu. Ukitaka sakafu iwe pana, huwezi kuliacha tope likalala nyuma ya kizingiti. Unalitandaza."

Kiboko akautazama ukuta wake. Akaangalia bonde lote chini yake, pana, tupu, mpaka macho yanapoishia. Akaliona limejaa nyayo. Nyayo za miguu sita, nyayo za miguu minane, zote kwake.

"Topeni itafika mpaka kule!" akanguruma.

"Pole pole, Mzee," akasema Mama Sange. "Huenda tungengoja kwanza tuwaone."

"Mwenye kungoja amekula nini?" Kiboko akafunua mdomo, akauvamia ukuta. Gubu! Akang'oa bonge. Gubu! Akang'oa la pili. Gubu, gubu, gubu!

Na maji yakasema, "Shwaaaaa!"

Yalishuka. Yalitangulia na tope, yakalitandaza bondeni, kulia na kushoto, jembamba kama mkate wa kumimina. Kisha maji yenyewe yakaukumbuka mfereji wake wa zamani, yakauingia, yakapita kwa Tembo, yakapita kwa Swala, yakapita kwa Kobe, na mwisho kabisa, yakiwa yamebaki uzi, yakapita mlangoni kwa Mama Sange. Chechele na Mbio walikuwa pale. Hawakuuliza maji yametoka wapi.

"Pooo! Pooo!" akapiga Hondohondo. "Topeni pamepanuka mara kumi!"

Na hilo pia lilikuwa kweli.

Kiboko akasimama katikati ya uwanja wake mpana, anatazama kilima. Jua likapanda. Hakuna mtu. Jua likafika utosini. Hakuna mtu. Tope jembamba likaanza kupasuka, ta, ta, ta, kama chungu kilichosahaulika jikoni. Minyoo ikajichimbia chini. Mgongo wa Kiboko ukaanza kuwaka.

"Wako wapi?" akauliza.

"Wako njiani, Mzee," akasema Hondohondo, lakini alikuwa tayari anatazama upande mwingine, kwenye kichuguu kimoja kikubwa ambako kumbikumbi walikuwa wameanza kutoka. Kumbikumbi wanene, watamu. Na miguu yao, ukiwahesabu vizuri, ni sita sita.

Akaruka bila kuaga.

Wanyama wengine walikuwa makwao, wanakunywa. Siku mbili tatu Swala alitangatanga, akitazama nyuma kila akipiga hatua kuona kama kuna aliyemkanyagia. Siku ya nne akakutana na Pundamilia, akamuuliza, "Umeamkaje?" na wote wawili wakashtuka kwa jinsi swali lilivyokuwa tamu.

Jioni ile ile ya kupasuka kwa tope, Mama Sange alikuwa anafagia mlangoni akaona kivuli kikubwa. Ni Kiboko. Ngozi imemchubuka, midomo imepasuka, miguu inaburuta. Alikuwa ametembea kijito chote kutoka juu, na kila mlango aliopita ulifungwa, wenyewe wakimzuia asiguse maji. Huu ulikuwa wa mwisho.

"Hodi," akasema Kiboko. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu wa haya.

"Karibu, Mzee. Mgeni hana siku."

"Mama Sange, naomba maji."

Chechele akajificha nyuma ya mama yake. Mbio akachungulia. "Mama," akanong'ona, "mwambie alete mgeni."

"Nyamaza, mwanangu. Mgeni ni yeye." Kisha akamwambia Kiboko, "Maji ni ya bure, Mzee. Weka unyayo hapo, unywe, uende zako."

Kiboko akaweka unyayo kwenye njia iliyofagiwa. Ulikuwa mkubwa, mzito, wa vidole vinne, unyayo wa mtu aliyekuwa mtu. Akainama, akanywa ule uzi wa maji, akanywa, akanywa. Alipomaliza akageuka kuutazama unyayo wake, aone kama kuna aliyemkanyagia.

Chwa-chwa-chwa.

Njia ilikuwa inang'aa.

"Nani kaufuta?" akauliza Kiboko.

"Ni mazoea tu, Mzee," akasema Mama Sange. "Nafagia kila siku."

Na kutoka mbali, juu ya kichuguu, ikasikika sauti iliyoshiba: "Pooo! Pooo! Kichuguuni panajaa! Jana mia, leo mia mbili, kesho dunia nzima!"

Hadithi yangu imefika ukingoni. Iliyo tamu chukueni, iliyozidi chumvi nirudishieni, nina mboga jikoni.

Na funzo lake ni hili, watoto msikilize vizuri. Mwenye mdomo mkubwa siku zote mwaminini, kwa sababu anaona mbali. Mkiambiwa kitu ni cha bure, msiulize mara mbili, ni utovu wa adabu. Unyayo wako ukikosa wa kuukanyagia, ujue hujazaliwa bado. Na kufagia uwanja ni kazi ya watu wadogo wasio na la maana la kufanya, haijawahi kubadilisha kitu chochote duniani.

Asiyesadiki amuulize Hondohondo. Anasema hadithi hii leo imesikilizwa na watu elfu moja mia mbili thelathini na sita.

Na kesho?

Kesho tutalala mapema.